Kura Tatu za Nicanor

Inspekta Nyanchoka hakuwa mtu wa kuharakishwa, na Jumapili ile kila mtu alikuwa anamharakisha.

Mkuu wake kule Homa Bay alimharakisha kwa simu. "Mtu ameangukiwa na mawe ndani ya shimo la dhahabu, Nyanchoka. Mwaka huu wa tisini na saba mvua imeangusha mpaka madaraja. Umepata nguzo iliyokatwa, sawa, lakini huna mtu wala sababu. Marehemu akishazikwa saa saba, andika ajali, ufunge faili."

Vijana wa Got Nyakune nao walimharakisha kwa majembe. Shimo lililoua hufukiwa siku ya mazishi, na walikuwa wameketi juu ya kifusi wakingoja aondoke. Hata dereva wake, Konstebo Maroa, Mkuria wa miguu mirefu, alitazama saa yake kwa mara ya tatu.

"Hiyo saa utaichubua kwa macho," Nyanchoka akamwambia.

"Ni saa nne unusu, Madam."

"Basi tuna saa mbili unusu. Mimi nimewahi kumshika mtu kwa dakika kumi."

Na hakuwa anajigamba bure. Katika ofisi nzima ya upelelezi alikuwa mwanamke pekee, na faili alizozifunga zilizidi za wanaume watatu waliomcheka alipoingia. Walimwita mama wa shamba kwa sababu alizaliwa kwa wakulima wa Kisii na hakuwahi kulificha hilo. Wacha wacheke!

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku tisa zilizopita, Ijumaa alasiri, mchimbaji aliyeitwa Nicanor aliingia mkiani, yaani mwisho kabisa wa njia ya chini, kutoa debe la mwisho kabla ya Sabato. Nguzo ikavunjika, mwamba ukashuka. Nyanchoka aliingia mwenyewe kwa magoti, akaikuta ile nguzo ya mkaratusi imekatwa robo tatu, na mkato umesilibwa matope usionekane. Mkato ulikuwa mwembamba kama ukucha. Watu wakamwelekeza kwa Javan, mdogo wa marehemu, kwa kuwa ni seremala. Akaupima msumeno wa Javan: meno yake mapana, ukikata unaacha mfereji wa kuingiza kidole. Haukuwa huo. Uliokata nguzo ulikuwa msumeno wa kukatia chuma.

Lakini kilichomtoa usingizini asubuhi hiyo hakikuwa msumeno. Alikuwa mjane, Mourine, aliyesimama mbele ya gari la polisi kabla jua halijapanda, kitenge kimefungwa kiunoni, macho makavu.

"Inspekta, mume wangu anachimbiwa kaburi nje ya ua."

"Nje? Kwani alijinyonga?"

"Ati Mungu amemkataa. Ijumaa tatu kura imemwangukia yeye. Mara mbili Mungu alimwonya, ya tatu akampiga. Mzee Stanley ndiye amesema, na yeye ni baba yake mdogo na mzee wa kanisa, nani atambishia? Watoto wangu wanne wataitwa watoto wa aliyelaaniwa mpaka wazeeke." Akakaza fundo la kitenge, kisha akasema kwa sauti ileile, "Mimi sikuolewa na mtu wa kutupwa nje ya ua. Nimekuja kukwambia hivyo tu."

Hakuomba kitu. Akageuka akaenda zake. Nyanchoka alimpenda kwa hilo kuliko kama angepiga magoti.

Sasa mbele ya mdomo wa shimo alisimama mwenye shimo, Obare, mtu mnene wa kofia ya ngozi, aliyezoea kusikilizwa. Pembeni yake walikuwa wachimbaji wawili waliobaki: Makori, Mkisii wa miaka thelathini na tano, na Javan, aliyepungua Makori kwa miaka kumi, macho mekundu kwa kumlilia kaka yake.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii, bado uko?" Obare akamtania. "Dhahabu imekunasa?"

"Nimenaswa na kura, Mzee Obare. Nieleze tena, polepole. Mimi ni mzito wa kuelewa."

Obare akacheka. "Kila Ijumaa mtu mmoja lazima aingie mkiani peke yake. Hakuna anayependa. Kwa hiyo naleta kibuyu chenye maharagwe matatu, mawili meupe, moja jeusi. Anayetoa jeusi anaingia. Likishatoka jeusi, kura imekwisha."

"Na maharagwe hayo ni ya kawaida tu, ya sokoni?"

"Hapana!" Obare alivuta kifua mbele. "Meusi hayapandwi huku, hata kuliwa hayaliwi. Nayatoa Kosele makusudi, kwa mwanamke mmoja tu, ili mtu asije na lake mkononi akafanya ujanja. Mimi si mtoto. Kura yangu ni safi kuliko ya serikali."

"Andika hiyo," Nyanchoka akamwambia Maroa. "Neno kwa neno."

"Na nikuulize mimi," Obare akaendelea, akionja utamu wa maneno yake. "Huyo unayemtafuta, aliyekata nguzo, alijuaje nani ataingia? Hakujua. Hata mimi sikujua. Pengine ni mwizi wa mbao aliyekatizwa na watu. Aliyemchagua Nicanor si binadamu. Kura ni mdomo wa Mungu."

Hapo ndipo kesi ilipokuwa imekwama, na Nyanchoka alikiri moyoni kwamba mtu huyu hakuwa mjinga. Usiku uliopita alikuwa amepiga hesabu. Watu watatu, Ijumaa tatu: kura kumwangukia Nicanor zote tatu ni mara moja katika ishirini na saba. Haba, lakini si muujiza. Mvua hunyesha shamba moja ikaruka jirani, na hakuna anayeita polisi. Bahati ina haki ya kufanya mambo yake, na mpelelezi anayemfunga mtu kwa sababu tu jambo ni la nadra, huyo si mpelelezi, ni mganga.

Kwa hiyo aliiacha hesabu, akataka kuona mikono.

"Maroa, kibuyu. Weka mawe matatu madogo. Makori, Javan, njooni hapa mnitolee kura kama Ijumaa."

Makori akapiga hatua, akaingiza mkono. Javan hakujongea.

"Javan, toa wewe kwanza."

"Hapana, Madam."

"Ni mchezo tu, bwana. Toa."

"Makori ni mkubwa kwangu." Javan alimtazama kana kwamba amemwambia avue shati. "Mdogo hawezi kutangulia mkubwa. Hata kupanda, mkubwa akiwa hajatupa mbegu yake, wewe mdogo unakaa na yako mpaka ioze. Ukitangulia unaita chira nyumbani, unaita mikosi."

"Na Nicanor alipokuwepo, nani alitangulia?"

"Nicanor. Alikuwa mkubwa wetu sote."

"Kila mara?"

"Sasa ingekuwaje vinginevyo?"

Nyanchoka aliukunja mdomo wake, jambo alilofanya alipokuwa anajizuia kutabasamu. Watu wote wa Got Nyakune walikuwa wameiona kura ile mara mia, na hakuna aliyeona, kwa sababu nani huangalia mlango ambao kila siku anaupitia? Walisema bahati, wakasema Mungu. Kumbe kabla bahati haijaanza kazi, desturi ilikuwa imeshapanga foleni.

"Makori. Maharagwe yalikuwa yanahesabiwa mbele yenu?"

"Zamani, ndiyo. Tulimwagiwa mkononi, tunaona, ndipo yanaingia." Makori alimtupia Obare jicho. "Hizi Ijumaa tatu za mwisho alisema ameshahesabu nyumbani, tusicheleweshe Sabato, jua linashuka."

"Na jeusi likishatoka, hayo mawili yanayobaki mnaonyeshwa?"

"Ya nini? Si yanajulikana ni meupe?"

"Yanajulikana," Nyanchoka akarudia. "Yanakwenda wapi?"

"Mbegu ya kura hailiwi wala hairudi mfukoni. Mwenye shimo anaimwaga hapa mdomoni, ardhi ipate chake. Hata aliyetoa jeusi, akirudi salama, lake analitupa hapahapa."

"Kwa hiyo Nicanor alilitupa la Ijumaa ya kwanza, na la pili. La tatu lilikutwa mfukoni mwake kule mochari. Liko kwenye orodha yangu. Na Obare aliyamwaga vipi hayo mengine?"

"Kwa ngumi. Kisha akayakanyaga kwa kisigino. Nilidhani ni heshima."

Nyanchoka hakungoja zaidi. Alishika sketi yake ya sare, akachuchumaa pale penye udongo mwekundu uliolowa, akaanza kutambaa akipekua magugu kwa vidole. Vijana juu ya kifusi wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu mathe amepoteza pete ama?" Yeye hata hakugeuka.

Mvua ya mwaka ule, ile ambayo redio iliita El Nino na kila mtu akailaani, ilikuwa imeanza wiki tatu na ushei zilizopita. Kabla ya hapo udongo wa Got Nyakune ulikuwa mkavu kama kigae, mbegu ya kura ilikaa juu mpaka kuku aione. Tangu hapo, hata fito za ua zilikuwa zinachipua.

"Maroa," akaita. "Njoo na wewe, uinamishe hiyo miguu yako."

Chini ya majani ya sangari, hatua moja kutoka mdomo wa shimo, palisimama miche ya maharagwe. Miwili ilikuwa ya urefu wa shubiri, yenye majani matatumatatu. Miwili mingine ilikuwa mifupi zaidi. Mmoja ulikuwa umetoka juzijuzi tu, ganda la mbegu bado limeng'ang'ania kichwani. Ganda lile lilikuwa jeusi.

Akapangusa matope kwenye mashina, mmoja baada ya mwingine. Zambarau. Zambarau. Zambarau. Zambarau. Zambarau.

"Ee mama yangu," akasema kwa Kikisii, na moyo wake ukapiga kwa furaha ambayo hakuionea haya hata kidogo. Mama wa shamba, siyo? Basi leo shamba lilikuwa limesema.

Wakati huohuo kivuli kikapita juu ya mikono yake. Obare alikuwa amesogea, buti lake la mpira limeinuka juu ya miche. Maroa alimdaka kiwiko akamvuta nyuma, na yule mtu mnene akakaa chini kwenye matope bila kupenda.

"Nimeteleza," Obare akasema.

"Umeteleza mbele ya mashahidi ishirini, Mzee," Nyanchoka akajibu. "Javan, kimbia nyumbani kwenu. Mwite Mzee Stanley, na shemeji yako. Waambie sitaki mwili uguswe."

Hawakuja wawili. Walikuja watu wote wa matanga, wanawake mbele, wamama wenye vitambaa kichwani na wimbo ulioishia katikati. Mzee Stanley alitembea kwa fimbo, suti yake nyeusi imemlegea, uso umefungwa. Alikuwa mtu wa haki. Nyanchoka alishamsikia hivyo kutoka kwa watu watatu tofauti. Watu wa haki ndio wagumu zaidi kuwageuza.

"Binti yangu," mzee akasema, "unasimamisha mazishi kwa ajili ya magugu?"

"Baba, nipe muda mfupi tu. Nikishindwa nitaondoka na gari langu." Akamgeukia mjane. "Mama Mourine, wewe unalima. Shina hili la zambarau, ni la haragwe gani?"

Mourine aliinama, akalishika jani kwa vidole viwili kama mtu anayekagua nguo dukani.

"Jeusi."

"Haliwezi kuwa jeupe?"

Nyuma yake wanawake wakaguna, wengine wakacheka kabisa, msibani. "Jeupe shina lake ni kijani na ua lake jeupe," Mourine akasema. "Hata mtoto wangu wa mwisho anajua. Mbegu nyeusi haizai shina la kijani hata uimwagilie maziwa."

"Miche iko mingapi?"

"Mitano."

"Yote?"

"Yote ni jeusi."

Nyanchoka akasimama, magoti yake mekundu kwa udongo, akawatazama wanaume mmoja mmoja. Sauti yake haikupanda.

"Ijumaa tatu. Kila Ijumaa jeusi moja, meupe mawili. La mwisho jeusi liko kwangu kwenye bahasha. Kwa hiyo meusi yaliyoanguka hapa ni mawili tu, yale ambayo Nicanor aliyatupa kwa mkono wake. Ningekuta miche miwili ya zambarau, ningeomba radhi. Nimekuta mitano. Hayo matatu ya ziada yametoka wapi?"

Vijana juu ya kifusi walikuwa wameshuka mmoja mmoja.

"Labda mtu aliangusha yake!" Obare akapaza sauti.

"Maroa, soma."

Maroa akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya mtu anayefurahia kazi yake. "'Meusi hayapandwi huku, hata kuliwa hayaliwi. Nayatoa Kosele makusudi, kwa mwanamke mmoja tu, ili mtu asije na lake mkononi akafanya ujanja.'"

"Kibuyu kilikuwa na meusi matatu," Nyanchoka akasema. "Nicanor angeingiza mkono kulia, kushoto, angefumba macho, angeomba, ni jeusi tu. Na ilibidi atangulie yeye, kwa kuwa nyinyi ni watu wenye adabu na mdogo hatangulii mkubwa. Akishatoa, wengine hawatoi. Mawili yanabaki kwenye ngumi ya mwenye shimo, yanakanyagwa matopeni yasionekane. Kwa kuyakanyaga akayapanda, na mvua ikafanya kazi yake."

Mzee Stanley alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. "Lakini kwa nini? Nicanor alimkosea nini?"

Aliyejibu ni Makori, akitazama chini. "Alipima. Kabla ya hizo Ijumaa tatu, alipima njia ya chini kwa kamba, halafu akaipima kamba hiyo huku juu. Mkia wa shimo umevuka mpaka. Uko ndani ya shamba lake, chini ya mtama wa Mama Mourine. Alimwambia Obare waache kuchimba, ama aende kwa chifu. Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza kwa sababu nina watoto."

"Madam!" Ilikuwa sauti ya Maroa, aliyekuwa ameingia kupekua kibanda cha pampu cha Obare. Alitoka na sanduku la vifaa, na juu yake msumeno wa kukatia chuma. Kwenye meno yake kulikuwa na unga wa mti, bado unanuka mkaratusi.

Obare hakuutazama msumeno. Alimtazama Mzee Stanley, kama mtu anayetafuta dalali. "Mzee, nguzo nilikata, lakini mwamba sikuuangusha mimi. Ijumaa ya kwanza haukuanguka. Ya pili haukuanguka. Mungu angetaka, angeuzuia na ya tatu. Si yeye ndiye mwenye yote?"

Watu walipumua kwa pamoja. Hata Nyanchoka, aliyesikia mengi, hakuwahi kusikia mtu akikiri na kumshtaki Mungu kwa sentensi moja.

Mzee Stanley alipiga fimbo chini. Alipojibu, sauti yake ilitetemeka kwa hasira, na hasira hiyo ilimfanya aonekane mrefu.

"Nyamaza! Mara mbili mwamba ulikataa kukusaidia. Mara mbili ulipewa nafasi ya kurudi nyuma. Aliyeonywa ulikuwa wewe, si Nicanor. Na mimi mpumbavu niliisoma barua nikaipeleka nyumba isiyo yake."

Kisha akamgeukia Nyanchoka. "Binti, hiyo mvua. Unadhani ilikuja hivi hivi tu?"

"Baba, mvua ya mwezi wa kumi huja kila mwaka. Hii imezidi tu."

"Imezidi," mzee akasema. "Haya. Wewe andika unavyojua kuandika. Mimi nitashukuru ninavyojua kushukuru."

"Sitabishana na wewe juu ya hilo," Nyanchoka akasema, na alimaanisha. "Nakwambia moja tu. Ukitaka kujua Mungu amechagua nini, hakikisha kwanza aliachiwa cha kuchagua."

Akamfunga Obare pingu yeye mwenyewe, ingawa Maroa alikuwa ameshazitoa zake. Akaing'oa miche mitatu pamoja na udongo wake, akaiweka kwenye kopo la rangi, akaiacha miwili mahali pake ipigwe picha na ofisa wa picha kutoka Migori. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Mkuu wa Homa Bay angepata faili lake leo, na neno ajali halingekuwemo.

Walipofika nyumbani kwa Nicanor, jeneza lilikuwa chini ya turubai, na nje ya ua wa ojok, yaani minyaa, kwenye njia ya ng'ombe, lile kaburi lilikuwa tayari, lenye kina cha kumeza mtu. Wanaume waliolichimba walisimama kando wakifuta mikono kwenye suruali, hakuna anayetaka kuonekana kuwa ndiye aliyeanza.

Mzee Stanley alivua kofia. Mbele ya watu wote, mzee wa kanisa na baba wa ukoo, aliinamisha kichwa kwa mke wa mtoto wa ndugu yake.

"Mama Mourine. Nionyeshe unataka wapi."

Mourine alipita katikati yao. Hakukimbia, hakulia. Watoto wake wanne walimfuata nyuma kwa mpangilio, mkubwa mbele. Aliingia langoni, akaenda mpaka kwenye nyumba yake, akahesabu hatua upande wa kuume wa mlango, pale anapolala mwenye boma, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Hapa. Na mchimbe vizuri, msinichimbie kwa haraka. Watu watangoja."

"Watangoja," mzee akasema.

Kijana mmoja mwenye jembe begani akauliza kwa woga, "Na lile la nje, Mama? Kaburi haliachwi wazi. Tufukie nini?"

Nyanchoka, aliyekuwa tayari ameshika mlango wa gari, alisimama kusikia.

"Kateni mgomba ulale humo badala ya mtu, mlifukie," Mourine akasema. "Na yale maneno yote mliyoyasema juu ya mume wangu, si mnayakumbuka? Yafukieni humohumo."

Wanaume walishika majembe, wakaingia ndani ya ua mmoja mmoja, na wa kwanza kuchimba alikuwa Mzee Stanley.